Nambari ya kuazima: kisa cha kiwanja cha machubwi, Mombasa

Jina la mtaa, la kamati, la maabara na la kila mtu limeondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa. Vipimo, mfuatano wa mambo na makosa, yangu yakiwemo, nimeviacha vilivyo.

Usuli

Kiwanja ni cha robo ekari, bara ya kaskazini ya Mombasa, mahali ambapo ukichimba futi moja au mbili unagonga mwamba wa matumbawe. Kwa zaidi ya miaka kumi fundi mmoja alikodi pale. Alinunua betri za magari zilizokufa, akazipasua kwa shoka, akamwaga asidi kando ya ukuta, kisha akatoa sahani za ndani, za metali yenye sumu iitwayo risasi, na kuziyeyusha ndani ya karai, juu ya mafiga yaliyokuwa chini ya mti wa mkungu. Risasi nyingine aliwauzia wa skrapu. Iliyobaki aliimimina kwenye kalibu ikawa machubwi, yaani vizito vya nyavu na mishipi, na wavuvi wa ufuo ule walimtegemea yeye. Alikuwa mtu wa kazi yake, anayelipa kodi kwa wakati, na wala hakuficha anachofanya. Nalisema hili kwa kuwa baadaye palizuka maneno ya kumtafuta mbaya, na yale maneno yalitupotezea wiki mbili.

Fundi alizeeka akaacha. Wenye ardhi wakaitoa kwa ajili ya chuo: madarasa mawili ya madrasa, chekechea moja, na uwanja wa watoto kuchezea. Kamati ikaundwa, michango ikaanza.

Ndani ya kamati alikuwamo nesi mmoja. Yeye ndiye aliyekumbusha habari za Owino Uhuru, kijiji kilicho upande wa pili wa mji huu huu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu risasi kwenye udongo na kwenye damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nesi akasema kabla ya kuweka jiwe la msingi udongo upimwe.

Hapo palitokea jambo ambalo sikulitarajia. Aliposema udongo una "risasi", nusu ya kikao ilielewa risasi za bunduki, na mzee mmoja akauliza kama polisi wameshaambiwa. Nesi akatoka, akarudi na chubwi alilolipata kwa jirani, akaliweka mezani. Likapita mkono kwa mkono, zito kuliko lilivyoonekana, jeusi, likiacha alama ya kijivu kwenye vidole. Akaomba kila aliyelishika akanawe kwa sabuni kabla ya kula kahawa na tende zilizokuwa zimeandaliwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa tena tunazungumzia nini.

Kilichotokea

Novemba 2023 kamati ilipima yenyewe ili kupunguza gharama. Vijana wawili walichimba mashimo matano, kila moja la kina cha sentimita 30, wakachanganya udongo wote kwenye ndoo moja, wakapeleka kilo mbili maabara. Jibu lilirudi: risasi miligramu 310 kwa kila kilo ya udongo. Pembeni maabara iliandika kwamba kikomo ni 400, kiwango cha Marekani, kwa hiyo udongo "umo ndani ya kiwango". Iliongeza kuwa pH, yaani kipimo cha uasidi, ni 8.2 na kwamba katika udongo wa namna hiyo risasi haitembei. Kisima cha jirani nacho kilipimwa, kikaonekana chini ya kikomo cha maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita.

Kamati ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Karatasi ilikuwa na muhuri.

Nesi hakutulia. Alinitumia ripoti ile Januari 2024, na kwa sadfa ilikuwa ndio mwezi ambao shirika la mazingira la Marekani liliteremsha kiwango chake cha uchunguzi kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200, na hadi 100 pale ambapo mtoto anapata risasi kutoka njia nyingine pia. Udongo wa kiwanja ulikuwa ule ule. Hakuna aliyegusa jembe. Ila ulikuwa umefaulu Novemba, na sasa umefeli.

Niliwaambia kamati kwamba hilo la kubadilika kwa nambari lilikuwa dogo kuliko tatizo lenyewe. Shida kubwa ilikuwa kwenye ndoo. Moshi na vumbi la kuyeyushia huangukia juu ya ardhi. Ukichimba sentimita 30 na kuchanganya, unaiongezea ile tabaka chafu ya juu udongo msafi wa chini, halafu unaipima kama kitu kimoja. Mtoto hachezi na sentimita ya 30. Anacheza na vumbi la juu, tena chembe laini zaidi, zinazonata kwenye kiganja chenye jasho.

Februari, wakati wa kaskazi, vumbi likiwa kavu, tulirudi. Tuligawa kiwanja kwa kamba na vijiti kikawa miraba 40 ya mita tano kwa tano. Katika kila mraba tulichukua udongo wa juu, sentimita mbili tu, kisha mwingine wa kina cha sentimita 10 hadi 20. Tuliupepeta kwa chekecheke la matundu ya mikromita 150, tukaupima kwa mashine ya mkononi ya eksirei, na sampuli kumi tukazipeleka maabara nyingine ili kuhakiki mashine.

Miraba 29 ilikuwa chini ya 200, mingi yao chini ya 100. Miraba sita ilikuwa kati ya 200 na 700, yote ikifuata mkondo wa maji ya mvua kuelekea uchochoroni. Mitano ilipita 700: ya ukutani palipomwagwa takataka za karai ilifika 2,900, na ule wa chini ya mkungu 6,400.

Chini ya mkungu ndipo palipokuwa na kivuli. Kwenye mchoro wa ujenzi mahali pale palikuwa pameandikwa "benchi za watoto".

Uamuzi, na sababu zake

Swali la kwanza la kamati lilikuwa la haki kabisa: tufuate nambari ipi? Kenya ina sheria ya mazingira ya 1999, wakati ule ilikuwa na kanuni za maji na za taka za 2006, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini kwa risasi katika udongo wa uwanja wa watoto, maabara haikuwa na nambari ya hapa nyumbani ya kulinganisha nayo. Ndiyo maana iliazima.

Niliwaandikia ubaoni baadhi ya nambari zinazoazimwa. Ujerumani, tangu 1999: uwanja wa kuchezea watoto 200, makazi 400, bustani za umma 1,000, viwanda 2,000. Kanada: shamba 70, makazi 140, biashara 260, viwanda 600. Uingereza, 2014: nyumba yenye bustani ya mboga 200, isiyo na mboga 310. Tanzania, kanuni za 2007: 200. Afrika Kusini, 2014: makazi ya kawaida 230, makazi yasiyo rasmi 110. Uholanzi: 530. California: 80.

Mzee aliyeongoza kikao akacheka kwa uchovu, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kisha akamgeukia nesi. "Mwanangu, serikali yenyewe haikutuandikia nambari. Mbona tujitwike mzigo ambao hatukutwikwa?"

"Ami," nesi akamjibu, "wajukuu zako watatu ndio wa kwanza kwenye daftari la chekechea. Wewe wataka wakae juu ya nambari gani?"

Kimya kilichofuata kilinipa nafasi ya kueleza kile ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa hiki chote. Kila nambari ile ni jibu, na kila jibu lina swali lake. Chukua 400 ya Marekani, iliyotumika tangu 1994. Waliokokotoa walijiuliza: mtoto mdogo humeza udongo na vumbi kiasi gani kwa siku, na udongo uwe na risasi kiasi gani ili uwezekano wa damu yake kupita mikrogramu 10 kwa desilita usizidi asilimia 5? Jibu likawa 400. Baadaye sayansi ikaonyesha kuwa 10 ni nyingi mno. Mwaka 2012 kiwango cha rejea cha damu ya watoto huko kikashushwa hadi 5, na 2021 hadi 3.5. Ukiweka 5 mahali pa 10 unapata nambari ya 200, ukiweka 3.5 unapata 100. Nambari ya udongo ilikuwa ni kivuli cha nambari ya damu, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Nambari ya Uholanzi nayo ina sharti lake: inahesabiwa kwa wastani wa udongo usiopungua mita za ujazo 25. Anayeichukua 530 bila lile sharti, akailinganisha na kiganja cha vumbi, hajaichukua nambari ya Uholanzi. Na Afrika Kusini walikuwa na sababu ya kuwapa wakaaji wa makazi yasiyo rasmi kikomo kikali zaidi, 110. Mahali pasipo na sakafu wala nyasi, ardhi iko wazi na mtoto anaishi juu yake kutwa. Hilo lilikuwa ndilo swali lililofanana na letu kuliko yote.

Tuliamua hivi. Mraba wowote ambao udongo wake wa juu unapita 700 uchimbwe sentimita 30 na udongo uondolewe. Iliyo kati ya 200 na 700 ifunikwe kabisa, kwanza turubai la kuonya atakayechimba siku za usoni, halafu mchanga, halafu kabro. Hii mistari miwili ilitokana na fedha pamoja na sayansi. Tungekuwa na uwezo tungechimba yote kumi na moja. Na popote mtoto atakapokaa au kucheza juu ya ardhi isiyofunikwa, udongo usipite 100, kwa sababu katika mtaa wa wavuvi njia nyingine za risasi kuingia mwilini zipo.

Kuna jambo moja lilichukua muda mrefu kulifafanua, nalo ni ile pH. Maabara ilikuwa kweli: udongo wa matumbawe una chokaa, na ndani ya chokaa risasi hugeuka kuwa kaboneti isiyoyeyuka kirahisi kwenye maji. Ndiyo maana kisima kilikuwa safi. Lakini tumbo la mtoto si kisima. Lina asidi, na kaboneti ya risasi ikifika kwenye asidi huachia. Udongo ule ule unaokilinda kisima haumlindi anayelamba vidole. Niliwafanyia hesabu kwa chaki: mtoto akimeza miligramu 100 za udongo wa chini ya mkungu, amemeza mikrogramu 640 za risasi. Akimeza kiasi hicho hicho kutoka udongo wa miligramu 100 kwa kilo, ni mikrogramu 10. Mama mmoja wa kamati, anayekaanga bajia uchochoroni, aliinuka na kuniomba nipime mbele ya mlango wake. Tulipima jioni ile ile, na palikuwa na 520.

Palikuwa na pendekezo la kumwaga mbolea ya fosfeti, ambayo huifunga risasi ikawa madini magumu zaidi. Ni njia inayotumika kweli. Tuliiacha kwa kuwa inahitaji kufuatiliwa kwa vipimo ambavyo hatukuwa na uwezo navyo, na kwa kuwa jumla ya risasi kwenye udongo ingebaki vilevile. Atakayepima kesho angekuta nambari ile ile na asijue kilichofanyika.

Matokeo

Kazi ilianza Machi, tukikimbizana na masika. Kuchimba kulikwenda vizuri. Maji yalinyunyizwa kabla ya kila sepetu, wafanyakazi walivaa barakoa, na nguo zao zilifuliwa pale pale badala ya kupelekwa nyumbani kwa watoto wao. Mkungu tuliuacha kwa juhudi kubwa. Udongo uliozunguka mizizi ulitolewa kwa mikono.

Udongo uliotoka ulikuwa mita za ujazo zipatazo 37, lori nne. Kipimo cha kuchujuka kilionyesha kuwa risasi inayotoka kwenye udongo ukilowekwa katika maji ya asidi imepita kikomo cha miligramu 5 kwa lita, kwa hiyo hatukuuhesabu tena kuwa kifusi. Ni taka ya hatari, na ilipaswa kubebwa na kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Lori la kwanza halikufika. Dereva alitoka wakati wa magharibi, na njiani akauuza udongo kama kifusi kwa mtu aliyekuwa akijaza msingi wa nyumba mitaa miwili kutoka pale. Kijana wa jirani aliliona, akamwambia nesi usiku huo huo. Asubuhi tulikwenda, tukamweleza mwenye nyumba, tukauzoa wote na kukwangua sentimita 10 za chini yake, tukapima mpaka tukaridhika. Mwenye nyumba alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili. Katika mkataba nilikuwa nimeandika udongo uende wapi, lakini sikuandika nani atie saini wakati lori linapotoka na nani atie saini linapofika. Hilo ni kosa langu, na lingeweza kuhamishia sumu ya watoto wa chuo kwa watoto wa nyumba nyingine.

Baada ya kuchimba tulipima sakafu za mashimo. Nne zilikuwa chini ya 200. Moja, mraba namba 17, ilibaki 340 kwa sababu tulikuwa tumefika kwenye mwamba, na risasi imo ndani ya nyufa za matumbawe. Ulifunikwa.

Nesi alikuwa amepanga pia, kupitia afya ya umma, watoto wa nyumba za jirani wapimwe damu. Mmoja alikutwa na mikrogramu 11 kwa desilita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, kuanzia 5 inabidi chanzo kitafutwe na kiondolewe. Sote tulidhani chanzo ni kiwanja. Nesi alipowatembelea nyumbani alikuta baba yake, mvuvi, ameanza kuyeyusha machubwi mwenyewe tangu fundi aache kazi, kwenye jiko la mkaa linalopikia chakula, na machubwi yaliyokuwa tayari yamewekwa kwenye beseni chini ya kitanda. Jiko likatolewa nje, beseni likaondoka, nyumba ikapigwa deki kwa maji badala ya kufagiwa. Miezi mitatu baadaye damu ya mtoto ilikuwa 7.

Julai, baada ya masika, nilirudi kupima tena. Miraba iliyofunikwa ilikuwa imara. Lakini ukanda wa udongo mpya kando ya uchochoro, tuliouweka ukiwa na 40, ulikuwa umepanda hadi 150. Maji yalikuwa yameleta vumbi la uchochoroni, ambako hatukusafisha kwa kuwa si ardhi ya chuo.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote kilikuwa kamba na vijiti. Kugawa kiwanja na kuchukua udongo wa juu peke yake kulibadilisha uamuzi kuliko mjadala wowote wa viwango. Ile 310 ya Novemba haikuwa uongo. Ilikuwa wastani, na wastani ulikuwa umelificha lile shimo la mkungu nyuma ya miraba 29 ambayo haikuwa na tatizo kubwa. Kama tungeishia kushindana juu ya 400 au 200, tungekuwa tunabishana juu ya nambari ambayo hakuna mtoto hata mmoja angeikalia.

Kuchagua 100 kwa ardhi iliyo wazi nakuona bado kulikuwa sahihi, na damu ya yule mtoto wa mvuvi ndiyo inayonipa moyo wa kusema hivyo. Udongo wa mlango wake ulikuwa na 90. Kwa viwango vingi nilivyoandika ubaoni angehesabiwa kuwa salama, na risasi ilikuwa inampata kupitia jikoni. Kikomo cha udongo hukokotolewa kwa kudhani mengine yote ni ya kawaida, na katika mtaa ambao risasi ni kitendea kazi dhana hiyo haishiki. Nilipaswa kuanza na nyumba kabla ya kiwanja, au angalau sambamba. Nilianza na kiwanja kwa sababu ndicho nilichoitiwa.

Mpaka wa hati ya ardhi ndio uliotushinda. Mama wa bajia alikuwa ameshatuonyesha 520 mbele ya mlango wake tangu Februari, na bado tulipanga kazi kana kwamba maji ya mvua yanasoma hati. Kusafisha uchochoro wakati ule kungehitaji siku mbili na vibarua wale wale. Sasa kumekuwa ombi kwa serikali ya kaunti, na wakati ninaandika halijajibiwa. Mama alihamisha karai lake upande wa barabara ya lami, na kila asubuhi anamwagia maji ule ukanda kabla watoto hawajapita.

Kuhusu ripoti ya kwanza, siilaumu maabara kwa kuazima 400. Ningependa tu kwamba kando ya nambari ingeandika imetoka nchi gani, mwaka gani, ni ya ardhi ya matumizi gani na ya udongo wa kina gani. Maneno kumi hivi yangemwezesha nesi kuuliza maswali yake miezi miwili mapema.

Chekechea ilifunguliwa. Ofisini kwa maalim imebandikwa ramani ya miraba 40, kila mmoja na nambari yake kabla na baada ya kazi. Mraba namba 17 umezungushiwa wino mwekundu: 340, chini ya kabro, usichimbwe. Fundi wa maji alipokuja mwezi uliopita kupitisha bomba, maalim alimpeleka kwanza kwenye ile ramani, na bomba likazunguka.